Unaivua kunawa?

Wiki nzima hii nina neno limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Nimelisukuma kwa ugali, nimelisukuma kwa kahawa, nimelala nalo na kuamka nalo. Leo Jumamosi watu wote wa nyumbani wamelala, naliandika.

Mnajua Jumapili huwa napitia Mikindani, kwa Mama Zubeda, napata wali na samaki kabla ya kurudi Shangani, Mtwara, kusahihisha madaftari. Safari hii nilimkuta Mzee Chande amekaa kwenye lile benchi linalotazama maji, msuli kiunoni, bakora katikati ya magoti. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi. Kijana wa Mama Zubeda akaja na birika na beseni. Nikafanya kama nifanyavyo siku zote: nikafungua mkanda, nikaivua saa niliyoachiwa na Mjomba Hamisi, nikaiweka juu ya leso, nikanyoosha mikono.

"Mwanangu," akasema, "unaivua?"

"Maji, mzee."

"Maji."

Akaitazama saa pale kwenye leso, kisha akanitazama mimi. "Hamisi alikuwa haivui hata kulala. Wewe unaivua kunawa."

Sikuwa na la kusema. Mikono yangu iko juu ya beseni, kijana kashika birika ananingoja. Mzee akageuza uso baharini.

"Basi sawa," akasema.

Ni hayo tu. Tukala, akaniuliza habari za binti yangu Saida, nikamlipia chai, nikaondoka. Lakini aliyekulia pwani anaijua "basi sawa" ya wazee. Haina hasira, wala haigombi. Ni mlango unaofungwa polepole ili usikuamshe.

Wiki hii mkuu wetu wa shule kahamishiwa Newala, Saida kachaguliwa kidato cha tano Songea na mama yake kalia siku mbili, pampu ya kisima imekufa, na mimi kichwani mwangu mna benchi la Mama Zubeda peke yake.

Habari za Mjomba Hamisi nilishaziandika mwaka ule alipofariki, sizirudii. Ila saa yenyewe sikuieleza vizuri. Ni Vostok Amphibia, ya Kirusi, imetengenezwa Chistopol katika kiwanda kilichokuwa kikiliuzia saa jeshi la Kisovieti. Aina hii ilianza kutoka mwaka 1967, saa ya kuzamia hadi mita 200. Mjomba aliipata Dar es Salaam miaka ya 1980 alipokuwa akipakua mizigo bandarini: baharia mmoja wa meli ya Kirusi alikitamani kinyago chake cha mpingo, wakabadilishana pale pale gatini. Aliporudi kusini akaingia nayo baharini kufuata majongoo ya bahari, kabla biashara ile haijapigwa marufuku, na hakutoka tena humo mpaka magoti yalipokataa.

Si saa nzuri ya kutazama. Kioo chake ni plastiki nene, kinakwaruzika ukikiegemeza tu ukutani. Namshukuru aliyenifundisha kukisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kinarudi kung'aa. Kila asubuhi lazima uitie ufunguo, ukisahau siku mbili imekufa. Na kile kifundo cha kutilia ufunguo, ukishakifungua, kinayumba kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mafundi wawili walishaniambia kimevunjika. Hakijavunjika. Warusi walikiunda hivyo makusudi, kikigongwa kiyumbe chenyewe, pigo lisifike kwenye mhimili wa ndani. Kinachonistaajabisha zaidi ni jinsi walivyoyatumia maji kuzuia maji: kadiri unavyoshuka ndivyo bahari inavyokikandamiza kile kioo kwenye ukingo wake na mfuniko wa nyuma kwenye mpira wake, na saa inazidi kubana. Kwa mtu anayefundisha fizikia hilo ni shairi.

Pete ya juu inazunguka kote kote, kushoto na kulia, na haina mlio. Mjomba hakuitumia kuhesabu dakika za kuzama. Pumzi yake aliijua mwenyewe, hakuhitaji kuonyeshwa. Aliitumia kwa bamvua, siku zile maji yanapokupwa mbali. Maji yakiisha kupwa, akiona yameanza kurudi, anazungusha lile doa jekundu mpaka kwenye mshale wa dakika, na tangu hapo macho yake hayakai majini tu. Wanawake wako mbali kule mwambani na vijiti vyao wanachokoa pweza, wameinama, hawaoni nyuma. Mshale ukifika alipopapanga anasimama kwenye mtumbwi anapunga shati. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Miaka yote ile, mama yangu alirudi nyumbani kwa saa hii.

Sasa mnaelewa kwa nini naivua kunawa.

Au sielewi mimi. Usiku wa Jumapili nilimpangia Mzee Chande majibu. La kwanza lilikuwa la mwalimu: mzee, ile 200 iliyoandikwa usoni ni ya siku saa ilipotoka kiwandani, mpira wa ndani unazeeka, unakauka, na saa kongwe inaweza kuingia maji kwenye beseni la Mama Zubeda ingawa ilishinda bahari miaka ishirini. Jibu sahihi kabisa. Jumatatu nikapanga jingine: mzee, hiki ndicho kitu pekee cha Mjomba nilichonacho mkononi. Hilo nalo kweli. Jumanne, katikati ya kipindi cha kanieneo, yaani mgandamizo, chaki mkononi, nikajikuta nasikia tena "Maji," vile alivyolirudia, na hapo nikajua kwamba neno lile halikuniuma kwa sababu ya mpira.

Mjomba ana mtoto wa kiume. Rashidi yuko Lindi, nahodha, kila siku ya Mungu yumo majini. Lakini kwetu sisi mpwa ndiye mpwa, na Mjomba alipoona safari imekaribia aliniita mimi, mtoto wa dada yake, akanifunga saa mkononi kwa vidole vyake. Rashidi hakusema neno, si siku ile wala baadaye. Alinikumbatia. Na mimi toka siku ile nimekuwa nikiibeba saa ya bahari darasani, ofisini, msibani, kwenye daladala, na nikiona beseni naivua. Mzee Chande alizama na Mjomba pima saba, bega kwa bega. Alipoitazama saa kwenye leso, nilisikia anasema ilikwenda kwa asiyestahili. Hakusema hivyo, nilisikia mimi.

Jumatano niliwauliza wenzangu wenye saa za namna hii. Mwalimu wa jiografia ana G-Shock mwaka wa nane, imeanguka kwenye pikipiki mara mbili, anaoga nayo, analimia; kilichokufa ni mkanda tu, jua na chumvi viliupasua. Alinishangaa kwamba swali lenyewe lipo. Kisha nikampigia yule nahodha wa Msimbati ambaye niliwaandikia habari zake mwezi wa Januari. Yeye ana Seiko, na pete ya Seiko inazunguka upande mmoja tu. Alishanieleza sababu: ukiigonga kwenye ubao wa boti itakupunguzia muda, haitakuongezea, kwa hiyo ikikudanganya inakutoa majini mapema. Shida yake ni mchanga. Ukiingia chini ya pete hiyo haigeuki tena, ndiyo maana kila akitoka baharini anaisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya kisima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Yako ilifunguliwa lini, mwalimu?"

Nikanyamaza. Tangu Mjomba anifunge mkononi haijafunguliwa.

Basi Alhamisi, baada ya vipindi, nikaipeleka sokoni kwa fundi, yule mwenye kimeza cha kioo karibu na wauza kanga. Mfuniko wa nyuma wa Amphibia hauzungushwi wenyewe. Umekaa bapa, na juu yake kuna pete ya chuma inayoukaza, ili wakati wa kufunga mpira usisokotwe. Pete ile ilikuwa imeshikana kwa chumvi. Fundi akadondosha mafuta, akasema tungoje. Tukangoja, yeye anatengeneza saa ya ukutani ya mtu, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nakodolea mgongo wa saa. Akajaribu, ikakataa. Akaongeza tone. Mara ya tatu ikalia kidogo, kama mlango wa kabati, ikalegea.

Ndani pakavu. Pakavu na pasafi, mashine inang'aa rangi ya fedha, gurudumu linakwenda na kurudi kama kifua cha ndege. Fundi mwenyewe aliguna. Kisha akaugeuza mfuniko upande wa ndani, akaweka kioo chake jichoni, akaanza kusoma kama mtu anayesoma barua: "Tano, themanini na tisa. Mbili, tisini na nne. Kumi na moja, tisini na nane. Nane, sifuri tatu. Nne, sifuri nane."

Nikamwuliza ni nini. Akanipa kioo niangalie mwenyewe. Ni mikwaruzo midogo ya ncha ya sindano, hati tatu tofauti, nyingine imelala, nyingine imesimama. Mafundi huandika hivyo tarehe waliyoifungua saa, ili atakayefuata ajue. Na mpira haukuwa wa Urusi. Akautoa kwa kibanio, akaunyoosha kidoleni: mweusi, umekatwa kwa mkasi, ukingo hauko sawa, na upande mmoja una nusu ya herufi iliyojitokeza. Ni mpira wa tyubu. Mtu alikata tyubu ya gari, akaulinganisha na ukingo wa saa, akaukata tena mpaka ukakaa. Nimeushika mpira ule mkononi kwa muda mrefu. Fundi alinipa nafasi, akaendelea na saa yake ya ukutani.

Kwa hiyo alikuwa akiivua. Mara tano alikaa kwenye ndoo kama mimi, akatoa pesa ya majongoo, akangoja, akaona mkono wake mweupe pale mkanda ulipokuwa. Mzee Chande hakuliona hilo kwa sababu halikutokea baharini. Nilipotoka sokoni nilitembea mpaka nyumbani, sikupanda bajaji, nikawa nasema peke yangu njiani, tano themanini na tisa, mbili tisini na nne. Mwaka 1989 mimi nilikuwa na miaka saba, na mama yangu alikuwa akienda mwambani kila bamvua.

Fundi amekata mpira mpya, na wa zamani amenipa, ninao hapa kwenye kibweta. Akakwaruza tarehe yake chini ya zile nyingine. Usiku niliijaribu kwa namna ninayoijua. Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kina kipimo ambacho hata jikoni kinawezekana: unaipasha saa mpaka nyuzi 40 hadi 45, unadondosha tone la maji ya baridi juu ya kioo, unangoja dakika moja, unafuta. Ikiwa ndani mna unyevu, kioo kitaota ukungu kwa ndani. Niliipasha juu ya kifuniko cha sufuria ya maji ya moto, kipimajoto cha maabara pembeni, Saida kashika tochi. Tone likakaa. Dakika moja ni ndefu. Nikafuta. Saida akasogeza tochi karibu, akasema, "Hakuna kitu, baba."

Jana baada ya swala nikashuka Mikindani. Mzee Chande alikuwepo, benchi lile lile. Nilikuwa nimepanga kumwambia yote, tarehe, tyubu, mikwaruzo. Nikamkuta ana mashine ya boti kifuani: imekataa kuwaka tangu Jumanne, kijana wake anadai pesa ya plagi, na upepo wa kusi umeshika, hata ikiwaka watatoka lini. Nikamsikiliza. Birika likaja. Nikanyoosha mikono na saa yangu mkononi, maji yakapita juu ya kioo, yakaingia chini ya pete, yakatiririka kwenye mkanda. Aliona au hakuona, siwezi kuapa. Alinawa baada yangu, akasema plagi moja sasa inauzwa kama mbili za zamani, tukala.

Sikumweleza. Mpira wa tyubu nilikuwa nao mfukoni, nikaugusa mara moja, nikauacha. Nadhani nitaanza na Rashidi. Nataka aje Mtwara aushike mwenyewe, asome hati zile fundi akifungua tena, kwa sababu baba yake ni baba yake.

Nilikuwa niishie hapo, lakini mdogo wangu kapiga simu sasa hivi kutoka Nanyamba. Mikorosho ya upande wa bondeni imeanza kutoa maua na anasema ubwiriunga umeshaonekana kwenye machipukizi, ule unga mweupe, miti minane mpaka sasa. Salfa tuliyonayo ni mifuko mitatu. Mpulizaji wetu wa kila mwaka kaondoka na bomba lake, kachukuliwa na watu wa Tandahimba, na haijulikani atarudi lini. Kesho alfajiri lazima nipande kwenda Nanyamba, na pesa ya Saida ya Songea sijaitenga.