Kidevu kwenye kigoda: Popi alivyoniruhusu kumkanda mguu

Mbwa wetu Popi aligongwa na bodaboda, akavunjika paja. Daktari wa mifugo alimpasua, mfupa ukaunga. Tatizo likawa misuli: mguu ulisinyaa, goti likakakamaa, na sisi wa Mabatini, hapa Mwanza, tunakaa mlimani kwenye mawe, hufiki kwangu bila kupanda. Tuliagizwa kumkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha kulikunja na kulinyoosha goti taratibu mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Wiki ya kwanza tulitumia nguvu. Mume wangu anashika shingo, mimi mguu. Nikigusa beseni tu, Popi yuko uvunguni. Alikuwa akilamba midomo, akigeuza uso, jicho likitoa weupe, nami nikaona ni ukaidi. Ilikuwa hofu, na msuli uliokazwa kwa hofu haunyooki. Siku aliponionyesha meno, niliacha.

Nikachukua kigoda, nikakitandika kanga kuukuu, nikamfundisha kuweka kidevu juu yake kwa dagaa wa soko la Mwaloni. (Tafuta waliokaushwa kwenye vichanja, wasio na chumvi, wa kuanikwa chini wana mchanga.) Siku nne sikuugusa mguu kabisa. Kisha tukapatana hivi: kidevu kikiwa kigodani, mkono wangu upo, kikiinuka, mkono unatoka palepale, hata kama imebaki kunyoosha mara moja tu. Simwiti, simvuti, simfokei. Nasubiri.

Mkono ulianzia mgongoni, ukashuka nyongani, pajani, mpaka gotini. Siku tuliyofika gotini aliinua kichwa mara sita. Mara zote sita niliachia. Kisha akakirudisha kidevu mwenyewe, akashusha pumzi, nikasikia paja linalegea kiganjani mwangu. Wiki nzima ya kumkaba hatukuwahi kulipata paja hilo.

Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, mbwa naye anaombwa ruhusa?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, mguu ni wake."

Yapo yasiyo na hiari, kama sindano ya chanjo. Hayo hatuyafanyii kigodani hata siku moja. Tunakwenda kona nyingine, tunamshika kwa upole, tunamaliza haraka. Nikimdanganya kigodani mara moja, hatanipa kidevu tena. Kuogelea ziwani nako nilishauriwa, ila maji ya kando yana kichocho, nikaacha.

Ninachokithamini zaidi ni siku alipokataa. Alikuwa ameshazoea wiki tatu, ghafla akakigeuzia kigoda mgongo. Zamani ningemlazimisha. Nililipapasa goti kwa juu tu, lilikuwa la moto na limevimba. Kumbe alikuwa ameruka kutoka kwenye jiwe la nyuma ya nyumba. Daktari akasimamisha mazoezi, tukapumzika siku tano.

Siku ya sita nilitoka jikoni na beseni, nikamkuta ameshaweka kidevu.