Siku moja na mshale uliofika robo

Saa 11 na dakika 20 alfajiri

Kabla sijagusa ufunguo, nafungua daftari. Lina safu tano tu: tarehe, kilomita, lita, ulaji kwa kilomita 100, na jina la anayekabidhi. Gari letu dogo la petroli tunaliendesha watu wawili kwa zamu. Tunachukua sampuli za damu na vipimo vingine kwenye zahanati na kuzifikisha maabara. Sampuli ina saa zake. Ikichelewa njiani inaharibika, na mgonjwa inabidi achomwe sindano upya.

Mwenzangu jana usiku ameandika kilomita. Safu ya lita ameiacha wazi, kwa hiyo hakuweka mafuta.

Nafungua swichi bila kupiga stata. Mshale wa mafuta unapanda polepole na kusimama chini kidogo ya robo. Huwa siuamini mshale mahali hapa, kwa sababu tunapoegesha pana mteremko na gari limeinamisha pua. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta, limefungwa kwenye mkono unaocheza juu ya kipimo cha umeme. Mafuta yakikimbilia upande mmoja, boya linasoma kina cha mahali lilipo, basi. Nalitoa gari, nalisimamisha penye usawa, nangoja kama dakika mbili. Geji za magari ya siku hizi zimefanywa nzito makusudi ili mshale usirukeruke kwenye kila kona, hivyo zinahitaji kupewa muda. Mshale unapanda, unagusa robo yenyewe.

Sasa daftari. Tangi linachukua lita 45. Tangu tulipojaza mara ya mwisho gari limetembea kilomita 455, na kwa miezi mingi limekuwa likila lita 7.5 kwa kila kilomita 100. Zimekwenda lita 34 hivi, zimebaki 11. Mshale na daftari vimekubaliana, na hapo ndipo moyo wangu unapotulia.

Hiyo 7.5 nimeipata kwa njia ambayo dereva yeyote anaiweza. Unajaza mpaka pampu ijikate yenyewe, unaandika kilomita. Unaendesha siku zako. Ukirudi kituoni unajaza tena mpaka pampu ijikate, unachukua lita ulizoweka, unazigawa kwa kilomita ulizotembea, unazidisha kwa 100. Mara moja haitoshi. Rudia mara nne au tano ndipo upate namba ya kuitegemea.

Kawaida yangu ni kujaza mshale ukigusa robo. Ila robo ya mjini na robo ya safari si kitu kimoja, na mimi naamua kwa kutazama njia iliyo mbele yangu kabla ya kutazama taa ya onyo la mafuta. Asubuhi hii nina kilomita kama 40 za mjini, vituo vya mafuta viko kila upande, na zahanati ya kwanza inanisubiri saa 12 na nusu. Mzunguko wote hautazidi lita 4. Naamua kujaza nikimaliza. Nawasha gari.

Saa 12 na nusu asubuhi

Zahanati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mahali ni kusaini, kuhesabu chupa, kupanga ndani ya kisanduku cha barafu. Kompyuta ya gari inasema mafuta yaliyopo yatanifikisha kilomita 132.

Saa 1 na dakika 50

Foleni. Mbele wanachimba barabara, wamebakiza njia moja. Kwa dakika 50 nasogea hatua kwa hatua, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu jua limeshaanza kuchoma kwenye kioo.

Nikitazama dashibodi, ile 132 imekuwa 88. Wakati huohuo gari limetembea kilomita 9 tu! Wengi wakiona hivi hudhani tangi linavuja. Tangi ni zima. Kompyuta huchukua ulaji wa mafuta wa muda mfupi uliopita na kukisia kwamba utaendelea hivyohivyo. Ukiwa umetoka kwenye barabara iliyonyooka inakupa namba kubwa, ukikwama inaiporomosha. Imetazama nyuma, haijui mbele yako kuna nini. Kwa hiyo mimi naiheshimu kama onyo, lakini siendi safari kwa kuitegemea yenyewe.

Injini ndogo kama hii ikinguruma bila kutembea, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hula karibu lita moja kwa saa. Penye msimamo mrefu nazima kabisa na kushusha vioo. Katika dakika 50 hizo naona nimezima mara sita.

Saa 4 kasoro dakika 10

Nimekabidhi mzigo wa asubuhi maabara. Natoka getini, napanda kilima, taa ya njano inawaka. Nikifika juu penye usawa inazimika. Kona inayofuata inawaka tena, safari hii haizimiki.

Nilishaipima taa hii. Katika gari letu huwaka zikiwa zimebaki lita 7 au karibu na hapo. Magari hutofautiana, na kitabu cha gari lako ndicho cha kukuambia lako huwaka wapi, lakini kwa magari mengi madogo akiba hiyo huwa kati ya lita 5 na 8. Kwa upande wangu, taa ikiwaka nimechelewa tayari.

Simu inaita. Ni dada anayepanga safari zetu.

"Kaka, kuna sampuli ya haraka kule ng'ambo ya milima. Inatakiwa maabara saa 9 mchana. Uko wapi?"

"Nimetoka kukabidhi sasa hivi. Taa ya mafuta imewaka, dada. Naanza kujaza."

"Gari linasemaje?"

Natazama. "Kilomita 64."

"Kwenda ni 60. Nenda tu, utajaza huko."

Simlaumu. Yeye anaangalia saa, na namba aliyopewa inaonekana kutosha. Lakini kilomita 25 za mwisho ni za kupanda, na kati ya mguu wa mlima na ile zahanati hakuna kituo hata kimoja. Gari hili likipanda hula lita 10 au 11 kwa kilomita 100. Halafu kwenye mwinuko mkali mafuta hurudi nyuma ya tangi, na yakiwa machache pampu iliyo ndani ya tangi inaweza kuanza kunyonya hewa hata kama lita 2 zimo.

"Dada, nipe dakika 20. Nikiondoka hivi naweza kulala mlimani pamoja na sampuli."

Kimya kidogo. "Haya. Dakika 20."

Nilikataa kwa sababu nimeshakwama mlimani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiendesha pikapu ya dizeli, nyuma ya kiti changu amekaa baba yangu, namrudisha nyumbani kutoka hospitali. Taa iliwaka, nikajisemea tutafika. Kwenye mwinuko injini ilikohoa mara mbili ikakata. Mara hiyo usukani ukawa mzito kama jiwe, kwa sababu kinachoulainisha kinaendeshwa na injini. Breki nazo: kanyago la kwanza zilishika vizuri, la pili zikaanza kuwa ngumu, la tatu nilikuwa nimesimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, gari likitaka kurudi nyuma kuelekea lori. Nilivuta breki ya mkono, nikatumbukiza gia. Tulisimama.

Dizeli ina adhabu yake nyingine. Niliomba lifti, nikarudi na kidumu cha lita 10, nikamimina, nikapiga stata. Kimya. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mipira ya mafuta. Ikabidi nilegeze skrubu juu ya filta na kupampu kwa mkono, povu litoke, mpaka dizeli safi ianze kutiririka bila mapovu. Betri ilikuwa imechoka kwa kupigapiga stata. Baba alikaa kwenye kile kiti saa mbili na nusu, hakulalamika hata kidogo, na sijaisahau sura yake.

Saa 4 kamili

Kituo cha kwanza, magari saba kwenye foleni na pampu moja ndiyo inayofanya kazi. Kingine kiko mbele kilomita 2, kwenye njia ninayokwenda. Nafuata hicho.

Napanga gari upande sahihi bila kufikiri, kwa sababu ya kale kamshale kadogo kaliko kando ya picha ya pampu kwenye geji. Kanakuonyesha kifuniko cha tangi kiko upande gani. Aliyependekeza ni Jim Moylan, mfanyakazi wa Ford nchini Marekani, mwaka 1986, baada ya kuegesha upande usio sahihi siku ya mvua na kulowana. Ukiazima gari la mtu, katafute hako kwanza.

"Fulu?" anauliza kijana wa pampu.

"Fulu, kaka."

Wapo madereva wanaojaza nusu kila mara wakisema tangi likijaa gari linakuwa zito. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo lita 38 ni kilo 28 au 29. Nikibeba abiria mmoja mtu mzima, yeye ana uzito mara mbili ya huo. Tofauti kwenye ulaji wa mafuta ni ndogo mno, na siwezi kuilinganisha na usalama wa kuwa na kilomita 500 mkononi. Asiye na hela ya kujaza sasa hivi ana sababu yake, nami nimewahi kuwa yeye. Ninayempinga ni mwenye uwezo anayesubiri taa kila mara. Pampu ya petroli ya gari kama hili imekaa ndani ya tangi, imezama kwenye mafuta, na mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza. Ukiizoesha kufanya kazi mafuta yakiwa chini kabisa, inapata joto na inachakaa kabla ya wakati wake.

Pampu inajikata. Kijana anataka kuminya tena afikishe namba kamili.

"Basi hapo, inatosha."

Kwenye ncha ya bomba kuna kitundu. Mafuta yakikiziba, bomba linajifunga lenyewe. Nafasi inayobaki juu ya tangi imeachwa kwa ajili ya mvuke na kutanuka kwa mafuta, na magari mengi yana kopo la mkaa la kunasa mvuke huo. Ukishindilia, petroli yenyewe inaingia humo na kuliharibu kopo, nawe unalipia mafuta ambayo hayakusogezi.

Lita 38.4. Zilikuwa zimebaki 6.6. Naandika. Kilomita 497 tangu kujaza, kwa hiyo lita 7.7 kwa 100. Foleni ya asubuhi imeonekana kwenye namba.

Dakika 17 zimepita tangu simu ikatwe. Naondoka.

Saa 6 kasoro robo mchana

Barabara kuu naishikilia kwenye 80 hivi. Ukuta wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110, upinzani wa hewa karibu unakuwa maradufu. Mlimani napanda kwa gia ya chini bila haraka. Nafika, nasaini, naweka chupa kwenye barafu, nageuza.

Kuteremka sitii nyutro. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, magari ya kisasa hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime, na kazi yote ya kulizuia gari inabaki kwa breki peke yake.

Saa 8 na dakika 5

Sampuli iko maabara, imebaki saa nzima kasoro dakika 5. Nampigia dada. "Asante, kaka," anasema, na naisikia sauti yake imeshuka mabega.

Mchana unaobaki ni zahanati nne za mjini. Hakuna la kusimulia.

Saa 12 na robo jioni

Mwenzangu anafika kuchukua zamu. Namwonyesha safu ya lita aliyoiacha wazi jana na kumweleza ya asubuhi, simu na mlima. Ananisikiliza.

"Samahani, kaka. Nilipita kituoni jana jioni, nikaona niache mpaka asubuhi mafuta yakiwa baridi. Wanasema jioni unauziwa hewa."

Nimelisikia hilo tangu naanza udereva, na lina mzizi wa kweli: petroli hutanuka kwa joto, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Lakini mafuta ya kituo hukaa kwenye matangi yaliyozikwa ardhini, na kule chini joto la mchana halifiki haraka. Alfajiri na jioni yanatoka yakiwa karibu sawa. Hata kama yangetofautiana nyuzi 10 nzima, kwenye lita 38 ni kama theluthi ya lita.

"Theluthi ya lita," anarudia.

"Na leo tungepoteza sampuli."

Tunakubaliana: asiache gari chini ya nusu anayekabidhi usiku, kwa kuwa anayeamka alfajiri hajui ataitwa wapi. Namwambia zimebaki lita 30 au 31, mshale uko kwenye theluthi mbili hivi ukilisimamisha penye usawa.

Anaingia ndani. Badala ya kuwasha, anachukua daftari kwenye dashibodi, anasoma kilomita, anaandika. Halafu anashusha kioo na kuniuliza kwa nini mara ya mwisho ilikuwa 7.7 wakati juu yake zote ni 7.5.