Chupa ya Chai Kutoka Dar

Konda alishuka ameikumbatia chupa ya chai utadhani kapakata mtoto. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu iliyoanza kuyeyuka na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, kilichoviringishwa kwenye gazeti kisije kikaganda, kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Mume wangu alikipokea stendi ya Tanga jioni ya Jumapili, mwaka 2009, akakodi teksi hadi wodini. Teksi! Sisi tuliokuwa tunahesabu hata nauli ya daladala.

Nilikuwa nimejifungua Jumamosi alfajiri. Miezi sita kabla, kliniki, fundi wa maabara alidondosha damu yangu mara tatu kwenye kigae cheupe, akaongeza dawa: ya buluu, ya njano, na ya tatu isiyo na rangi. Akakitikisa kigae polepole. Damu ya watu wengi hushikana vipunje japo kwenye doa moja. Yangu ilibaki laini kote kutatu. "O hasi," akasema, akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Ile kalamu ilinitisha kuliko maneno yenyewe.

Mtoto akazaliwa na damu chanya. Kwa mama mwenye damu hasi kama mimi, sindano ya kinga iitwayo anti-D ilitakiwa ndani ya saa 72, hospitali haikuwa nayo, na maduka ya dawa ya mjini tuliyoyauliza hayakuwa nayo. Mjomba aliipata Dar, duka la tatu, kwa bei ambayo mpaka leo hajaitaja.

Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Pangani, amekaa miguuni pa kitanda. Bibi alimzaa mama yangu mwaka 1955, mzima wa afya. Baada yake akazaa watatu. Wote waligeuka manjano kama bizari, hakuna aliyefika arobaini. Majirani walisema kijicho, wengine wakasema yeye mwenyewe anawala wanawe. Babu akaoa mke wa pili.

Muuguzi alikishika kichupa kiganjani ili kipungue ubaridi, huku akinieleza. Damu ya mtoto huingia kwa mama wakati wa kuzaa. Mwili wa mama mwenye damu hasi huiona ngeni, ukaandaa askari wa kuishambulia. Mtoto huyo ameshatoka salama. Askari wanamsubiri anayefuata. Sindano huziondoa chembe za mtoto kabla mwili haujazitambua.

"Kwa hiyo wa kwanza hadhuriki?" bibi akauliza. Hakuna aliyekuwa akizungumza naye.

"Mara nyingi hadhuriki, bibi."

"Na wanaofuata wanakuwa manjano."

"Ndiyo, bibi."

Baadaye sana nilisoma kwamba miaka ya 1960 madaktari wa New York na wa Liverpool walikuwa wakiijaribu kinga hii, na kwamba hutengenezwa kwa damu ya wachangiaji wenye askari hao tayari. Mmoja wao, James Harrison wa Australia, alichangia mara 1,173 hadi umri ukamzuia mwaka 2018. Inakadiriwa damu yake ilisaidia watoto milioni 2.4. Alipofariki mwaka 2025 nilimwombea dua, ingawa kichupa changu kiliandikwa kimetengenezwa India. Mtu anayenyoosha mkono mara elfu na zaidi kwa ajili ya wanawake asiowajua, sijui umwiteje.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilimwona tu bibi akikunja vidole.

"Sindano hii imeanza lini, mwanangu?"

"Mwaka 1968, bibi."

Alirudia kuhesabu. "Wa mwisho nilimzika mwaka 1963. Angechelewa miaka mitano tu kuzaliwa, angeikuta."

Muuguzi akanitazama, nami nikamtazama. Kama kweli damu ya bibi ilikuwa kama yangu, na hakuna aliyewahi kumpima, sindano ilitakiwa mwaka 1955, siku alipozaliwa mama. Askari wakishaandaliwa, haiwaondoi tena. Muuguzi akafungua midomo, akaifunga, akanichoma.

Bibi aliinuka, akachukua ile chupa ya chai, akamwaga maji ya barafu kwenye sinki. Akaifuta kwa upindo wa kanga, ndani na nje, bila haraka.

"Ya nani hii?" akauliza. "Isije ikapotea ya watu."