Ujue wino kwanza, kamera baadaye

Mwaka 1871, David Livingstone akiwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Maniema ya Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, akajitengenezea wino kwa rangi ya mimea aliyoiita zingifure, akaandika juu ya habari zilizokwisha kuchapwa. (Msomaji wa pwani atakumbuka zingefuri, rangi nyekundu ya miswada, ingawa ile ya kamusi ni ya madini.) Wino wa mimea ukafifia, wa gazeti ukabaki mweusi ti. Ukitazama kurasa hizo kwa macho, ni kama kusikiliza watu wawili wakisema kwa pamoja, na yule unayemtaka ndiye anayenong'ona.

Mwaka 2011 shajara hiyo iliwekwa kwenye intaneti ikiwa inasomeka, baada ya kila ukurasa kupigwa picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, mianga miwili ambayo jicho haliioni. Mbinu hiyo, upigaji picha kwa mianga mingi (multispectral imaging), sasa iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa uzamili wa sanaa au upigaji picha. Chuo cha RIT kule Rochester, Marekani, kimeunda mtambo wa bei nafuu uitwao MISHA, wenye mianga 16 kati ya nanomita 365 na 940 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga: 365 ni urujuanimno, 450 ni buluu, 940 ni infraredi). Kwa tasnifu moja, mianga saba inatosha: 365, 450, 535, 630, 735, 850 na 940.

Wengi huanza kwa kuulizia kamera. Anza na wino. Wino wa masizi, ambao miswada mingi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu imeandikwa kwao, hubaki mweusi hata kwenye 940. Wino wa chuma na tanini, wa barua nyingi za Kizungu za karne ya 19, hufifia kadiri unavyoingia kwenye infraredi, lakini hunyonya sana urujuanimno. Wino wa mimea mara nyingi huonekana vizuri kwenye buluu na kupotea kwenye infraredi. Ukijua hayo, unajua picha zipi mbili zitabeba kazi yako kabla hujawasha taa yoyote.

Kwa mfano wa gazeti, gawanya picha ya 450 kwa picha ya 940. Tuseme karatasi iliyopiga manjano inarudisha 0.50 ya mwanga wa buluu na 0.80 ya infraredi: jibu ni 0.63. Herufi za gazeti ni nyeusi kote, 0.08 kwa 0.12, jibu 0.67, karibu sawa na karatasi, kwa hiyo zinayeyuka. Mwandiko wa mkono ni 0.30 kwa 0.78, jibu 0.38. Mwandiko unabaki peke yake. Pale mistari miwili inapopishana, namba zote mbili ni ndogo na chengachenga za sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) hutawala, hivyo usishangae kuona herufi zimekatika hapo. Na ukitumia ImageJ, programu ya kuchakata picha, kwenye kikokotoo cha picha chagua jibu la biti 32. Usipochagua, programu hukata desimali zote, unapata picha nyeusi tupu na kudhani mbinu imeshindwa.

Sasa kamera. Sensa ya nyeusi na nyeupe ndiyo bora. Kamera ya kawaida iliyoondolewa kichujio cha kuzuia infraredi inafaa pia, ila ukumbuke kwamba kwenye 450 ni robo tu ya pikseli, zile za buluu, zinazofanya kazi ya maana. Kamera ya pikseli milioni 24 ikipiga ukurasa wa A4 mzima hutoa takriban pikseli 19 kwa milimita, sawa na 480 kwa inchi. Kwa mwandiko mdogo, gawanya ukurasa mara mbili.

Lenzi ndiyo inayosumbua zaidi. Lenzi za kawaida hazileti mianga yote kwenye fokasi moja. Picha kali kwenye 535 itakuwa na ukungu kwenye 940. Funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11, rekebisha fokasi kwa kila mwanga, na uandike umeweka wapi. Kila ukigusa fokasi, picha inakua au kupungua kidogo, ndiyo maana lazima baadaye uzilinganishe zikae moja juu ya nyingine. StackReg, programu-jalizi ya ImageJ, hufanya hivyo. Panga picha kwa mfuatano wa nanomita ili jirani zifanane, kisha chagua njia inayoruhusu mzunguko pamoja na badiliko la ukubwa.

Taa mbili, kila upande, nyuzi 45. Chumba kiwe giza, shati liwe jeusi. Zitumie umeme wa kiwango kisichobadilika. Kipunguza mwanga cha bei rahisi huwasha na kuzima taa kwa kasi, na picha hutoka na mistari. Pima mwangaza ili karatasi ifike asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wa sensa, isizidi.

Kwa kila mwanga unahitaji picha tatu: ukurasa, giza (kifuniko cha lenzi kikiwa juu, muda uleule), na nyeupe (kitu cheupe bapa mahali pa ukurasa). Hesabu ni ukurasa kutoa giza, kugawanya kwa nyeupe kutoa giza. Kwenye nyeupe ndipo wengi huharibu, kwa kutumia karatasi ya fotokopi. Karatasi hiyo ina kemikali za kuing'arisha, na chini ya 365 huwaka buluu kama taa. Tepu nyeupe ya fundi bomba, ikizungushwa tabaka nyingi kwenye ubao bapa, inafaa kuliko karatasi yoyote ya dukani.

Anza na infraredi, maliza na urujuanimno. Vaa miwani ya kinga. Kwenye 365 weka pia kichujio cha kuzuia urujuanimno mbele ya lenzi na upige picha ya nane, ya mng'ao: ngozi au karatasi hung'aa na wino wa chuma huonekana kama kivuli. Bila kichujio unapata mchanganyiko usioeleweka.

Usikandamize ukurasa kwa kioo. Kinanyonya sehemu ya urujuanimno na kuakisi taa. Tumia vipande vyembamba vya plastiki safi kwenye kingo. Joto la taa hukausha karatasi ikajikunja polepole, kwa hiyo ukimaliza, rudia mwanga wa kwanza na ulinganishe. Mistari ikiwa imehama hata pikseli mbili, piga upya seti nzima.

Kuhama huko ndiko huzaa uongo mbaya zaidi: ukingo wa herufi ukiwa mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili, si maandishi yaliyofichika, ni picha mbili zisizokaa sawa. PCA, hesabu inayochanganya picha zote na kutoa picha mpya kwa kufuata tofauti zake, hulipenda kosa hilo na kulipamba. Ukiitumia PCA, chagua kwanza eneo dogo lenye wino, la sivyo itamaliza nguvu kwenye madoa na mwanga usio sawa. Picha yake ya kwanza huwa mwangaza wa jumla tu. Maandishi hafifu mara nyingi hujitokeza ya tatu au ya nne, na za mwisho ni chengachenga.

Kwa miswada yetu, kazi kubwa iko kwenye nukta. Ba, ta na tha hutofautiana kwa nukta tu, na karatasi ya zamani imejaa vidoa vya kahawia vyenye ukubwa uleule. Fungua 450 na 940 kando kwa kando: kidoa hupungua au kutoweka kwenye 940, nukta ya masizi inabaki. Katika tasnifu, toa kipande cha neno hilo katika mianga yote miwili. Wape wasomaji wawili wasome bila kuonana, kisha uweke alama tofauti kwa herufi iliyo wazi, iliyosomwa na mmoja tu, na iliyokisiwa kutokana na mizani ya ubeti.

Faili ghafi zisizobanwa za picha nane kwa ukurasa, kwa kamera hiyo ya pikseli milioni 24, ni karibu megabaiti 384. Kurasa 100 ni gigabaiti 38 na ushee, kabla ya kunakili kwenye diski ya pili.