Ule uongo wa mama yake Diana

Leo umeme umerudi jioni, mdogo wangu akaweka Wonder Woman, ile ya 2017 ya Patty Jenkins. Nilishaiona kitambo ila leo ndo nimeikalia kwa utulivu.

Mwanzo ni ule ule wa filamu za makomiki, shujaa Diana, ndo Wonder Woman mwenyewe, akiwa mtu mzima anapokea picha ya zamani, basi hadithi inarudi nyuma mpaka utotoni kisiwani. Sawa, tumezoea.

Kilichonishika ni mama mtu.

Usiku yuko kitandani na bintiye, na Diana mdogo ndo anaitaja mwenyewe ile habari, kwamba mama alimfinyanga kwa udongo akamwomba Zeus, mfalme wa miungu ya Kigiriki, ampe uhai, anaisema kama mtoto aliyeisikia mpaka kaichoka. Mdogo wangu akaguna "mh, huyu mama anaficha kitu". Kweli bwana, mwishoni Ares, mungu wa vita, anamwambia Diana we ni mtoto wa Zeus.

Sasa utamu uko hapa: kwenye komiki za miaka ya 40 udongo ndo ulikuwa ukweli wenyewe, hii ya kuwa binti wa Zeus imekuja 2011. Filamu ikabeba zote mbili, ile ya zamani ikawa uongo wa mzazi anayemlinda mwanae. Hapo waandishi nimewavulia kofia!

Ila lile pambano la mwisho la moto na radi aisee, ningeruka tu.

Nyie mngebaki na Diana yupi, wa udongo au wa Zeus?