Waya wa amplifaya: niliacha kutazama ngozi, nikahesabu shaba

Amplifaya ya muziki kwenye gari langu imeandikwa wati 3000 kwa juu. Ukiigeuza unakuta fyuzi 2 za ampea 30, na ukweli uko hapo. Ampea 60 kwa volti 13 ni wati 780 zinazoingia. Yangu ni ya klasi D, aina inayopoteza karibu sehemu ya tano kwa joto, kwa hiyo sabufa inapata wati 600 na kidogo. Zilizobaki ni maandishi tu. Ukiwa na klasi AB hali ni mbaya zaidi, maana karibu nusu ya umeme inaoula inaishia kupasha bati lake yenyewe.

Kwenye gari langu, Toyota IST, kutoka betri ya mbele hadi kwenye buti, waya ukipita chini ya milango ni kama mita 5. Kanuni yangu ya mfukoni ni hii: ampea mara mita mara 0.07, jibu ndilo milimita za mraba za shaba. Kwa ampea 60 na mita 5 unapata 21, na geji 4 ya kweli (geji ni kipimo cha waya, namba ikipungua waya unanenepa) ina 21. Ukikaa hapo, waya unakula robo volti tu njiani. Hesabu hiyo niliifanya kabla ya kununua, na geji 4 ndiyo niliyonunua. Ujanja wote huo, halafu nikalipa bila kukata ncha ya waya!

Ulikuwa wa buluu, unang'aa, mnene kama kidole gumba. Besi ikigonga, sauti inakuja ya kukohoa, na baada ya nusu saa zulia la upande wa dereva lina joto. Nikacheza mlio wa hezi 50 mfululizo, ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya amplifaya. Mita ikasoma volti 1.6. Watu wengi hupima volti za betri wakaridhika. Pima waya wenyewe, ncha hadi ncha, wakati muziki unapiga, la sivyo hujapima kitu.

Ndipo nikauchuna. Ngozi ilikuwa nene kuliko kilichomo. Nyuzi 420, nyembamba kama nywele. Kupata unene wa uzi mmoja bila vifaa vya maabara, zungusha uzi kwenye msumari mizunguko 50 iliyobanana, kisha weka rula: yangu ilichukua milimita 6, yaani 0.12 kila uzi. Unene mara unene mara 0.785, kisha mara idadi ya nyuzi. Jibu: milimita za mraba 4.75. Geji 8 yenyewe ina 8.4, kwa hiyo hiyo "4" ubavuni ilikuwa urembo.

Na haikuwa hata shaba. Kwaruza uzi kwa wembe: ukiwa mweupe ndani na mwekundu nje, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. (Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiutupe, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, ni nzuri.) Kiberiti cha gesi nacho kinasema: uzi wa shaba unawaka mwekundu na kubaki umesimama, wa alumini unalegea na kukatika. Alumini ya namna hiyo inahitaji milimita za mraba mara 1.6 kufikia shaba. Piga hesabu ya waya wangu sasa: ule mzigo ulikuwa unageuza karibu wati 100 kuwa joto chini ya zulia, kwenye gari ambalo tayari limeshinda kwenye jua la Dodoma.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauriwa, "Mkuu, hapo weka kapasita tu." Kapasita ni kama tangi dogo la umeme karibu na amplifaya. Niliiweka, ya faradi 1, bei yake ingenunua waya mzuri na chenji ikabaki. Faradi 1 ikishuka volti 1 inatoa ampea 60 kwa milisekunde 17. Wimbi moja la besi ya hezi 40 linachukua milisekunde 25. Kapasita inaishiwa kabla wimbi moja halijaisha, halafu yenyewe inadai umeme kupitia waya uleule mwembamba. Taa zake za buluu ni nzuri, sikatai.

Dawa niliipata kwa vijana wanaochomelea mageti Kizota: waya wa mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 35. Shaba tupu, laini, unakunjika kama kamba, na kwa mita bei yake haikufika mbali na ule wa buluu. Milimita 25 ingetosha, ila 35 ndiyo iliyokuwepo. Kwaruza na huu pia, maana alumini imeingia hata huku. Lagi zake, yaani vichwa vya chuma vya kufungia bolti, usizigonge kwa nyundo, mafundi wa sola wana koleo la kubana, wanachukua hela ya soda.

Tundu la amplifaya halipokei 35. Wengine hupunguza nyuzi kwa plaizi mpaka ziingie, halafu moja inachomoka na kugusa bodi. Mimi nilifunga kigawanyio cha shaba kando yake, nikatoka nacho kwa sentimita 30 za milimita 16. Kipande kifupi hivyo hakipotezi kitu.

Fyuzi: ampea 80, sentimita 20 kutoka betri, isizidi 45. Nimeona mtu kaweka ya 150 "isisumbue" kwenye waya wa milimita 5. Hapo waya ndio umekuwa fyuzi.

Waya wa hasi, unaofungwa kwenye bodi ya gari, ulinipotezea volti 0.4 peke yake, kwa kuwa bolti ilikaa juu ya rangi. Msasa mpaka bati ling'ae, waya wa unene uleule usiozidi nusu mita, grisi juu kuzuia kutu. Ikashuka hadi 0.05. Chanya ikasoma 0.15.

Taa za mbele bado zinafifia kidogo gari likiwa sailensa. Nilipima kwenye betri yenyewe nikakuta 12.3, kwa hiyo waya wa buti hauhusiki: altaneta, inayochaji betri, haitoi ampea zake zote injini ikizunguka polepole, na feni na taa zinakula sehemu. Niliongeza waya wa 25 kutoka altaneta hadi betri na mwingine kutoka hasi hadi bodi, ikapanda hadi 12.8. Bolti zote nilizikaza tena baada ya wiki 2, maana mitaa ya vumbi ya Nkuhungu inalegeza kila kitu, na ya hasi niliikuta inazunguka kwa vidole.