Maskati hadi Salalah mwezi wa Julai: kilomita 1,000, hewa tatu

Saa nne za usiku, Matrah, mtaa wa bandari wa Maskati, mji mkuu wa Oman, hatua chache kutoka baharini, kipimajoto kilisoma nyuzi 34. Msomaji wa Dodoma au Garissa ataicheka namba hiyo. Ila ukitoka tu mlangoni mwa duka miwani inashika ukungu, kanzu inaganda mgongoni, na jasho halikauki. Linachuruzika, basi.

Nilikuwa na kipimajoto cha pili, cha bei ileile, ambacho tumbo lake nimelifunga kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Ukikipepea dakika mbili tatu, maji yanayokauka hukipoza mpaka kikomo ambacho hewa ya pale inaruhusu. Matrah kilishuka hadi 31, kikakwama hapo. Nyuzi tatu tu chini ya kile kikavu. Ngozi ya binadamu huwa kama nyuzi 35, kwa hiyo mwili unabakiwa na mwanya mwembamba sana wa kutupia joto lake. Kitambaa kikifika 35 mwanya unazibika kabisa, na hapo hata mtu mzima wa afya, kivulini, mbele ya feni, na maji ya kunywa tele, hana saa nyingi. Majaribio ya maabara kwa vijana wazima yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo namba ya kuangalia katika safari hii ni ya kile kipimajoto chenye kitambaa. Barabara ya Maskati hadi Salalah, mji wa pwani ya kusini, ina kilomita kama 1,000, na ndani yake kuna hewa tatu zisizofanana: fukuto la pwani, ukavu wa jangwa, na manyunyu ya Dhofar, jimbo la kusini lenye Salalah. Wasafiri wengi huumia kwa kuchukua dawa ya hewa moja wakaitumia kwenye nyingine.

Maskati imebanwa. Mbele iko Bahari ya Oman, ambayo maji yake wakati wa kiangazi hupita nyuzi 30 na kuujaza upepo mvuke. Nyuma iko milima ya Hajar, mwamba mtupu unaokula jua mchana kutwa na kulitema usiku. Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki ya Maskati, tarehe 26 Juni 2018 ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa baridi ya alfajiri. Hadi siku hiyo haikuwa imewahi kuandikwa kubwa kuliko hiyo popote.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya watu waliorudi kutoka Unguja, na Kiswahili ndicho cha jikoni. Somo la kwanza nililipata bafuni, kabla hata ya kuvua kofia.

"Mwanangu, usifungue hilo la baridi, litakubabua," bi mkubwa alisema kutoka ukumbini. "Fungua la moto."

Na ndivyo ilivyo Ghuba nzima. Tangi la maji liko juu ya paa, linachemka juani toka asubuhi, na bomba la baridi linatoka moja kwa moja huko. Mtungi wa hita uko ndani ya nyumba, penye kiyoyozi. Kuanzia Mei watu huzima umeme wa hita, maji yakakaa humo yakapoa, halafu bomba lenye alama nyekundu ndilo la kuogea. Ila hita nyingi hubeba lita 50 au 80 tu. Mtu wa tatu kuoga mfululizo anapata maji ya paa, kwa hiyo panga zamu, au jaza ndoo usiku na uiache ndani ilale.

Kiyoyozi nacho kina adabu zake. Kulala kwenye 18 ni kujitafutia balaa: chumba kinakuwa jokofu, vioo vinatoka jasho kwa nje, na ukifungua mlango unapigwa na hewa kama ya sufuria la wali lililofunuliwa. Weka 25, washa na feni ndogo. Kazi kubwa ya kiyoyozi mahali kama hapa ni kukamua maji hewani, si kupoza tu, ndiyo maana mpira wake wa nje hudondosha maji usiku kucha. Usipodondosha, kuna ugonjwa: aidha mpira umeziba ukungu na maji yatarudi ukutani, au chujio limejaa vumbi, hewa haipiti, na mabomba ya ndani yameganda barafu. Ukiona barafu, zima, acha feni yake iende mpaka iyeyuke, osha chujio kwa maji, likauke, rudisha. Ikiganda tena baada ya hapo, gesi imepungua, mwite fundi. Mwezi wa Julai chujio lioshwe kila wiki mbili.

Mavazi ya Maskati ni ya kupwaya. Kanzu nyepesi ya pamba inapitisha upepo kutoka miguuni hadi shingoni, na ukiinuka inajipepea yenyewe. Polyesta ni adui. Harara ikitokea kiunoni na kwapani, usiimwagie poda kila saa, kwani hapa poda hugeuka uji na kuziba vinyweleo zaidi. Oga, jifute kwa kubonyeza bila kusugua, paka kalamini, kaa mahali pakavu. Kamera na simu ziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kabla ya kutoka nazo nje, uziache humo nusu saa. Umande utashika mfuko badala ya lenzi.

Mgeni atokaye Mbeya au Nairobi asitegemee mwili utamzoea kwa usiku mmoja. Huchukua wiki moja hadi mbili, na siku tatu za mwanzo ndizo mbaya. Baada ya hapo mtu hutoka jasho mapema zaidi na lenye chumvi kidogo. Serikali ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka mwisho wa Agosti, na msafiri asiyelazimika naye aifuate sheria hiyo kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Upepo wa matairi ulipimwa saa hiyo, gari likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye karatasi ya mlango wa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hupinda sana linapozunguka, hujipasha moto, na kwenye lami ya jangwa hupasuka kwa mwendo wa 120. Watu hufikiri dawa ni kutoa upepo njiani kwa sababu tairi limevimba. Ni kinyume chake. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la umri huo lenye nyufa ndogo ndogo usilipeleke Haima, mji mdogo katikati ya jangwa, hata kama meno yake bado mazuri. Betri nayo, Ghuba, miaka miwili imeshazeeka.

Kilomita za kwanza kioo cha mbele kilikuwa cheupe pe. Dereva asiyejua hufuta kwa ndani na kuongeza baridi, na hali inazidi, kwa kuwa umande uko nje, umevutwa na kioo kilichopozwa na kiyoyozi. Tuligeuza matundu ya hewa yasielekee kioo, tukapandisha joto kidogo, tukapitisha waipa. Kikatakata.

Barabara inapita kwenye pengo la milima, bonde la Sumail, na kufika Izki mashati yalikuwa yameshakauka migongoni bila mtu kuyagusa. Nizwa iko kama kilomita 160 kutoka Maskati. Tulisimama kwenye Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yanatoka chini ya ardhi na yanatembea yenyewe bila pampu. Tumbukiza miguu hadi fundo na mikono hadi viganja, dakika kumi. Damu ya sehemu hizo iko karibu na ngozi na inarudi mwilini imepoa.

Huku ndiko mtungi una maana. Wafinyanzi wa Bahla, jirani na Nizwa, wanatengeneza jahla, mtungi wa udongo unaoning'inizwa kivulini penye upepo. Udongo wake unavuja kidogo kidogo, unyevu ule unakauka kwa nje, na kila tone likiondoka linaondoka na joto la maji yaliyobaki. Uchague usiopakwa rangi wala vanishi, uloweke siku nzima kabla ya kuutumia, usiuweke ndani ya chumba kilichofungwa. Mtungi huohuo ukiupeleka Matrah utakupa maji vuguvugu, na kosa si la mfinyanzi.

Baada ya mji wa Adam hakuna cha kutazama. Vituo vya mafuta viko, lakini jaza kila ukikuta nusu tangi.

Haima, saa sita na nusu mchana: kavu 46, kitambaa 22. Soma tena. Ni nyuzi kumi na mbili zaidi ya Maskati kwenye kipimajoto cha kawaida, na tisa chini yake kwenye kile chenye kitambaa. Jasho hapa linafanya kazi kikamilifu, ila linafanya kimyakimya. Huoni tone. Unaona mstari mweupe wa chumvi kwenye kola, midomo inakauka, na mkojo umekuwa rangi ya chai kavu. Hapo umeshachelewa. Tulikunywa kikombe kimoja kila dakika 20, kiu iwepo isiwepo, bila kupita lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi mno huizimua chumvi ya damu na kuleta kichwa kuuma, kichefuchefu, hata degedege. Laban (mtindi wa kunywa) yenye chumvi na tende chache hutosha kwa mtu anayekula. Kwa aliyekosa hamu ya kula, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya usawa, visiwe na kilima.

Kila sheria ya pwani inapinduka hapa. Maskati feni inasaidia, kwa kuwa hewa ya 34 bado iko chini ya joto la ngozi. Haima feni juu ya ngozi kavu inakuoka, na kufungua dirisha la gari linalokwenda ni vilevile. Funika mwili wote, shingo hata masikio. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukaitupia kichwani na mabegani, inapoa kama imetoka kwenye friji, na inadumu robo saa kabla ya kutaka maji mengine. Maskati kanga hiyohiyo ni mzigo tu. Gari lililosimama juani lifunguliwe milango yote dakika moja kwanza, lianze kwa hewa ya nje, halafu ndipo ubonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Mtoto asiachwe humo hata kwa muda wa kulipia mafuta.

Na jambo moja la kujua kabla halijahitajika. Mtu akiwa na joto, anatapika, anaumwa kichwa lakini anajibu sawasawa, kivuli na ule mchanganyiko wa sukari na chumvi vitamrudisha. Akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kugombana bila sababu, hicho ni kiharusi cha joto, awe mkavu au amelowa jasho. Mpoze kwanza, hospitali baadaye: mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimnyweshe kama hana fahamu kamili. Panadol haimsaidii. Namba ya dharura ya Oman ni 9999.

Tuliondoka Haima saa saba, juani, kinyume cha ushauri wote huo, kwa sababu mbadala wake ni usiku, na usiku kuna ngamia. Ngamia mweusi wa Dhofar haonekani kwenye taa mpaka yuko mita thelathini mbele, na miguu yake mirefu humleta mzima kwenye kioo.

Ukifika mji wa Thumrait zimebaki kilomita kama 80, na mbele yake unapita Wadi Dawkah, penye miubani. Mti huo unataka ukingo: karibu na unyevu, nje ya mvua. Muda si mrefu mbele linasimama wingu, ukuta kamili, limelala juu ya mlima. Kipimajoto cha gari kilishuka 39, 35, 30, 26, na vioo vikashika ukungu, safari hii kwa ndani. Dawa nayo ikageuka: zima mzunguko wa ndani, elekeza hewa kavu ya kiyoyozi kwenye kioo. Taa ndogo za ukungu, gia ya chini, kwani mteremko ni mkali na manyunyu juu ya vumbi la miezi tisa ni sabuni.

Majira haya ya upepo na manyunyu Waomani wanayaita kharif. Sisi tunaijua kwa jina lake jingine: ni kusi, upepo uleule uliopeleka majahazi ya Unguja na Lamu hadi Maskati. Ukifika Dhofar husukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani, maji baridi ya kilindini yanapanda kuchukua nafasi yake, hewa inapoa, inagonga mlima na kugeuka ukungu. Bahari hiyo usiogelee mpaka Septemba. Pembeni mwa barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai, na mtu wa pwani anaweza kudhani amekosea njia.

Salalah kipimajoto kikavu kilisoma 25, chenye kitambaa 24. Hewa imekaribia kushiba maji kuliko hata Matrah, na wala hakuna anayelalamika, maana 24 iko mbali na 35. Shida hapa ni ya nguo. Kanga tuliyoifua Haima ilikauka chai ikiwa bado ya moto. Ile ya Salalah ilikaa kambani siku tatu, ikaanza kunuka uvundo, tukaishia kuikausha kwa pasi.